Mashine Iliyofungwa kutoka Ng'ambo

Wakati mashamba ya mkonge yakiuzwa moja baada ya jingine, mimi nilikuwa nimeshapunguzwa kazi, na chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Ngamiani nilikuwa nimekigeuza ofisi. Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba. Asubuhi nilichapa barua za meneja. Mchana nilishika simu na kuwasomea makao makuu uzito wa marobota, tarakimu baada ya tarakimu, nikirudia kila laini ilipokwaruza. Siku moja tukaitwa ukumbini, tukaambiwa serikali haiwezi tena kubeba mzigo ule, tukashukuriwa, tukatawanyika. Mume wangu naye alikuwa amepunguzwa bandarini, akaenda Mombasa kutafuta riziki. Nikabaki na watoto, na kazi niliyoijua ilikuwa moja tu.

Kompyuta niliipata kwa kaka yangu aliyekuwa Maskati. Aliniletea mpya, na programu yake kuu, ile inayoiwasha mashine na kuiongoza, ilikuwa halali, imenunuliwa dukani. Hilo lilikuwa jambo geni mjini kwetu. Wengine wote walitumia programu za kunakili, zilizouzwa kwenye sahani za CD zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Ubavuni mwa sanduku la mashine yangu palikuwa na kikaratasi chenye kung'aa, kimeandikwa herufi na tarakimu. Kaka aliniwekea kidole juu yake, akaniambia nikitunze, maana hicho ndicho kibali cha mashine. Wachapaji wenzangu walicheka waliposikia. Walisema kulipia programu ni kama kulipia upepo.

Kazi ninayotaka kuisimulia ililetwa na wakili mmoja ambaye mpiga chapa wake alikuwa amejifungua. Ilikuwa kesi ya watu wa ng'ambo ya mto Pangani. Shamba la mkonge la huko lilikuwa limeachwa likawa pori katika ile miaka migumu, na wanakijiji wakaingia, wakafyeka, wakapanda mihogo na minazi. Sasa shamba lilikuwa limepata mwenye mali mpya, na mwenye mali akataka watoke. Walishindwa katika mahakama ya chini wakaamua kukata rufaa. Mwenendo wote wa kesi, ulioandikwa kwa mkono wa hakimu, mkono wa kukimbia ambao hata hakimu mwenyewe nadhani alipata taabu kuusoma, ulitakiwa uchapwe, upangwe, ushonwe, ufikishwe mahakamani ifikapo Ijumaa moja ambayo wakili aliizungushia duara kwenye kalenda yangu. Ikipita, alisema, hakuna rufaa tena.

Pamoja na karatasi zile aliniletea mama mmoja. Alikuwa mtu mzima, mrefu, kajifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, na viatu vya plastiki miguuni. Wanakijiji walimchagua yeye kuifuatilia kesi baada ya kuwashuku wanaume wawili waliomtangulia, ambao ilisemekana walionekana wakinywa chai na watu wa shamba. Alifikia kwa mpwa wake Mabawa. Kila asubuhi alitembea kwa miguu mpaka kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake kwenye rundo la karatasi. Alikuwa hakai. Alikalia ukingo wa kiti, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, akaniuliza nimefika wapi. Nikimwonyesha, alizigusa kurasa nilizomaliza kwa ncha za vidole kana kwamba anahakikisha bado zipo.

Nilikuwa nimeshavuka sehemu kubwa ya kazi umeme ulipotuchezea. Ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na kutoka ndani ya sanduku ukaja moshi mwembamba. Nilimwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa fundi wa redio Mabawa na siku hizo alikuwa ameanza kutengeneza kompyuta. Akafungua, akanusa, akasema ubao mkuu umeungua, ule mafundi wanaouita mazabodi. Diski iliyobeba kazi yangu ilikuwa nzima. Akaichukua mashine kwake, akaagiza ubao mwingine kutoka Dar es Salaam, wenye nguvu zaidi kuliko ule wa kwanza, pamoja na kumbukumbu ya kuongezea. Aliporudi nayo alikuwa na furaha ya fundi. Kweli ilikuwa nyepesi ajabu. Barua ambazo zamani nilizingoja huku nikichambua mchele sasa zilifunguka kabla sijakaa vizuri.

Kulikuwa na kijisanduku cha maneno kilichokuwa kikitokea pembeni ya kioo, kikitaka programu ithibitishwe upya. Shemeji alikuwa amekiona huko kwake siku zote alizokuwa akiijaribu mashine, na kila mara alikiondoa, akidhani ni kelele za kawaida. Mimi nami nilikiondoa, nikachapa kutwa nzima. Mama wa Pangani alikaa kwa mara ya kwanza mpaka akaegemea kiti. Jioni umeme ukakatika.

Asubuhi yake, Jumanne, niliiwasha mashine ikakataa kunifungulia. Kioo kizima kilikuwa na maneno ya Kiingereza: kwamba vifaa vya kompyuta hii vimebadilika mno tangu programu ilipowekwa, na kwamba muda wa kuithibitisha umekwisha. Nithibitishe kwa intaneti au kwa simu. La sivyo, nizime. Chini yake kulikuwa na mafungu ya tarakimu marefu kuliko tarakimu zozote nilizowahi kumsomea mtu.

Nilizima, nikawasha. Maneno yaleyale. Nikamtuma mtoto wa jirani kwa shemeji. Shemeji alikuja akajaribu alilolijua, kisha akanieleza hali ilivyo. Intaneti hatukuwa nayo nyumbani, wala simu ya mezani. Diski tungeweza kuichomoa na kuitia kwenye mashine ya mwingine, lakini mashine zote alizozijua mjini zilikuwa na programu za zamani, nazo zisingeweza kuisoma diski iliyopangwa kwa programu mpya. Programu ya kunakili ingeweza kupachikwa juu ya hii, ila hakuwa na hakika kama isingefuta kila kitu. Nilimwuliza mara ya pili kama hana hakika. Akasema hana. Nikasema basi hatugusi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Shemeji alipoondoka alisogea mpaka mezani.

"Wamekufikia na wewe?" akaniuliza.

Sikumwelewa upesi. Kisha nikamwelewa. Nilikuwa nimekesha na kesi ya watu wake, nimeyajua majina ya mashahidi wake kuliko ya majirani zangu, na sasa nilikuwa natazamwa kama wale wanaume wawili waliokunywa chai na watu wa shamba. Nilitaka kumwambia azichukue karatasi zake atafute mchapaji mwingine. Badala yake nilivuta kiti, nikamwomba akae mbele ya kioo, nikamsomea neno kwa neno kwa Kiswahili.

"Nani kaifunga?"

"Wenye programu."

"Wako wapi?"

"Ng'ambo."

"Wanajuaje kwamba umebadilisha kitu, nao wako ng'ambo?"

Nikamweleza kwamba wao hawajui. Ni programu yenyewe inayovikagua vifaa kila inapowaka, nayo ilipoona vimekuwa vigeni ikadhani imehamishiwa mashine nyingine. Inataka kuambiwa na wenyewe kwamba ni ileile.

"Na hao," akasema, "ni ndugu wa yule aliyenunua shamba?"

"Hapana, mama. Hawajuani."

Hakusema kwamba ananiamini. Alikaza kanga yake kiunoni akasema kama ni simu twende kwenye simu, na kwamba tutakwenda wote.

Niliyanakili yale mafungu ya tarakimu, nikayakagua mara mbili, tukatoka. Kituo cha simu kilikuwa karibu na soko, na vibanda vyake vya vioo vilichemka joto la mchana. Niliingia, mama akasimama nje, uso wake karibu na kioo. Laini ilikubali baada ya kujaribu na kujaribu. Kwanza ilijibu sauti ya kurekodiwa, ikinitaka nibonyeze tarakimu zangu. Nilizibonyeza zote. Ikasema hazikubaliki. Nikazibonyeza tena, na sauti ileile, bila kuchoka wala kukasirika, ikasema vilevile. Kisha mlio ukabadilika, akaja mwanamke wa kweli, niliyemsikia akipumua.

Aliniuliza kwa Kiingereza nina tatizo gani. Kiingereza changu ni cha ofisini, kimezoea marobota na tarehe za meli, lakini kilitosha. Nilimweleza umeme, moshi, ubao mpya. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniomba nimsomee herufi na tarakimu za kikaratasi kilichobandikwa kwenye sanduku la kompyuta. Akili yangu ilirudi nyumbani, ikalizunguka sanduku lililokuwa mezani pangu, ikaona kwamba lilikuwa jipya. Shemeji alikuwa amebadilisha hata sanduku. Nilimwambia yule mwanamke kwamba kikaratasi sinacho hapa. Alisema nipige tena nitakapokuwa nacho, akanitakia siku njema.

Nilipotoka, mama aliuliza wamesema nini, na nilipomweleza hakunilaumu. Aliuliza tu nyumba ya shemeji yangu iko upande gani, ingawa ilikuwa Mabawa na Mabawa aliijua kuliko mimi. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Kila tulipopita mahali penye saa ukutani niligeuza shingo.

Shemeji alituambia ubao mpya haukuenea kwenye sanduku la zamani, matundu ya skrubu hayakukutana. Sanduku tupu alikuwa amempa jirani yake fundi bati, kwa vile ni bati zuri. Alilisema hilo kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha sauti ikampungua alipoiona sura yangu.

Fundi bati alikuwa uani, kazungukwa na majiko, makarai na mikebe ya kunyweshea kuku. Alilikumbuka sanduku. Alikuwa amelikata siku iliyopita. Upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mlango wa jiko la mkaa na umekwenda na mwenyewe. Pande nyingine alizifanya mabeleshi ya kuzolea majivu, ambayo yalining'inia kwenye kamba pamoja na mengine mengi, yote yakiwa na rangi moja. Nilimwuliza upande uliokuwa na kikaratasi ulikuwa upi. Akasema hakuangalia karatasi, aliangalia bati.

Mama alikwishaanza kuyageuza. Aliyashika moja moja, akayatazama tumboni na mgongoni, akayaacha yakagongana. Mimi nilianzia mwisho mwingine wa kamba, nikiona aibu zaidi kuliko hofu, maana mafundi wa pale walikuwa wameacha nyundo zao wakitutazama wanawake wawili tuliokuwa tukiyapekua mabeleshi kama wenye wazimu. Ndipo aliponiita. Alikuwa amelishika moja kwa mikono miwili. Kikaratasi kilikuwa chini ya tumbo lake, kimekunjamana pale bati lilipokunjwa, na karibu na mwisho ribiti ya mpini ilikuwa imetoboa herufi moja.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Fundi bati alitaka kusema kitu, lakini mama alishaliweka beleshi chini ya kwapa. Alimwambia kwa adabu kwamba hili tunalichukua, na kwamba akipita Pangani aulize kwake, hatakosa nazi. Tukatoka.

Siku hiyo kituo cha simu kilikuwa kimefungwa tulipofika. Mama alikwenda kwa mpwa wake, mimi nikaenda nyumbani, na sidhani kama nilikaa chini. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Niliwakaripia watoto kwa sababu ambazo hata wao hawakuzijua. Nilikuwa nikifikiri kwamba siku ile tulipoitwa ukumbini kushukuriwa, sikupata hata mtu wa kumpigia simu.

Kulipokucha nilimkuta mama ameshafika kituoni kabla yangu, beleshi mkononi, amelifunika kwa upande wa kanga. Safari hii alijibu mwanamume, msemaji wa haraka. Aliniuliza programu nimeiweka kwenye kompyuta ngapi.

"Moja," nikasema.

"Ni kompyuta ileile?"

Nilitazama nje ya kioo. Ubao ulikuwa mwingine, kumbukumbu nyingine, sanduku lingine, na ubavu wa la zamani ulikuwa beleshi. Diski tu ndiyo iliyobaki, na kazi iliyokuwa ndani yake.

"Ni ileile," nikamwambia. "Tumeitengeneza."

Akataka nisome kikaratasi. Nilifungua mlango, mama akanipa beleshi, nikalisoma nikiligeuza kwenye mwanga. Nilipofika kwenye ile herufi iliyotobolewa nilikisia B. Akasema hapana. Nikasema basi itakuwa nane. Nikasikia vidole vyake vikibofya, kisha akasema sawa, niandike.

Alianza kunisomea tarakimu za kufungulia. Hapo ndipo mwili wangu ulipotulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kazi hii niliijua. Alisoma fungu, nikamrudishia fungu, kama nilivyokuwa nikifanya na makao makuu, kwa sauti ya mkato, kila tarakimu peke yake. Fungu la mwisho laini ilikwaruza, nikamwomba arudie. Alirudia. Nikamwomba arudie tena, na akarudia, kwa sauti iliyoonyesha kuwa anataka kwenda zake. Nje mama alikuwa amefungua viganja vyake akiomba dua.

Tulirudi karibu tukimbie, tukakuta umeme umekatika mtaa mzima.

Sijui niseme nini juu ya kungoja kule. Karatasi ya tarakimu ilikuwa mezani, nimeikandamiza kwa kikombe isipeperuke. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, na mama, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akitembeatembea, sasa alikaa akanitazama mimi. Nadhani alinionea huruma. Akaanza kunisimulia shamba lake. Alisema katika ile miaka ambayo sabuni ilikuwa kwa foleni na sukari ilikuwa jambo la kusikia, mume wake alikuwa akiumwa na watoto walikuwa wadogo. Yeye ndiye aliyeingia kwanza kwenye lile pori la mkonge uliotelekezwa, na panga la kuazima. Miiba ilimchana mpaka akawa anafunga vidonda kwa kanga. Msimu wa kwanza nguruwe walimlia mihogo yote. Msimu wa pili alilala shambani na debe la kupiga, na watoto wake wakala. Minazi aliipanda baadaye, alipoona kwamba hakuna anayekuja kumwondoa. Alisema mtu hapandi mnazi mahali anapodhani atafukuzwa. Mnazi unahitaji moyo uliotulia.

Akasema pia kwamba mahakamani hakuyasema hayo. Hakimu alimwuliza kama ana hati, akajibu hana, wakamwambia ashuke.

Nilimwuliza kama angependa wakili ayajue. Alisema wakili ana haraka.

Umeme ulirudi baada ya adhuhuri. Niliiwasha mashine huku nikiogopa kuigusa, nikaziingiza tarakimu fungu kwa fungu, mama akizifuata kwenye karatasi kwa kidole ingawa nilikuwa naziona. Nilipobonyeza kitufe cha mwisho kioo kilisita, kisha kikaandika neno la kushukuru. Kazi yote ilikuwa mahali pake. Mama aliweka kiganja chake juu ya sanduku la mashine kama mtu anayempima mtoto homa, akakiondoa.

Nilichapa mpaka Alhamisi jioni, nikihifadhi kila ukurasa na kuuchapisha papo hapo, maana umeme sikuuamini tena. Mama alipanga kurasa sakafuni kwa mafungu. Kila tulipofika kwenye ushahidi wake aliniomba nimsomee, mistari ile michache, na kila mara aliitikia kwa kichwa. Ijumaa wakili aliufikisha mwenendo mahakamani kabla watu hawajaondoka kwenda kuswali.

Rufaa ilipokelewa. Ilisikilizwa na kuahirishwa, na mawakili wakabadilika, mpaka wenye shamba walipochoka au walipoona gharama, wakakubali kukaa chini na wanakijiji. Mama alinijia tena wakati huo, na mkataba wa makubaliano kwenye mfuko wa nailoni. Wakili alikuwa ameshawasomea wote mkutanoni. Yeye alitaka asomewe na mimi.

Nilimsomea polepole. Ukanda wa chini, ulio na minazi na nyumba, ulibaki kwao, na wangepimiwa. Ule wa juu, wenye udongo wa mihogo, ulirudi shamba. Aliniomba nirudie palipotajwa mpaka, nikarudia. Aliniuliza mti uliotajwa kama alama umeandikwa ni mti gani, nikamwambia ni mkwaju.

"Mkwaju huo ulikatwa zamani," akasema. "Mwaka ule wa mwanzo. Nilichoma mkaa wake."

Nikamwambia arudi kwa wakili leo hii, kabla hawajatia sahihi, wataje alama nyingine, kisima au jiwe, kitu ambacho kipo, maana mpaka wa mti usiokuwepo wenye shamba wangeweza kuusogeza watakavyo. Alikuwa ameshainuka. Alinishika bega akaniita mwanangu, kwa mara ya kwanza, akaukunja mkataba akautia kwenye mfuko, akatoka haraka akishika upande wa ofisi ya wakili. Mimi nikasimama mlangoni mpaka alipopotea kwenye watu wa sokoni, na hata baada ya hapo sikuweza kurudi kukaa.